Umefutwa Mstari Mmoja

Mungu alimpa Kiilu sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, halafu chama cha wafugaji kikaona haitoshi, kikamwongezea kipaza sauti. Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumatano, aliposimama kwenye lango la zizi kubwa la chama pale Kajiado na kulisoma jina lililochapwa juu ya karatasi, hakuna aliyeweza kusema hakusikia.

Lilikuwa jina la marehemu.

Wachungaji wanne wakainamisha vichwa kwa pamoja, kama watu waliomwagiwa maji. Mjane wake, Nolari, aliyekuwa kando ya birika akihesabu ng'ombe kwa macho, akajifunika shuka usoni. Kati ya ng'ombe wote mia mbili na kumi na wanne aliitika mmoja tu. Maksai mwekundu mwenye kengele shingoni aliinua kichwa, kengele ikalia, akaangalia huku na huku kama anayetafuta mtu.

Jina lenyewe halitaandikwa hapa. Tumeona linachofanya.

Immaculate Namalwa aliyaona hayo yote kutoka ndani ya konteina, kupitia dirisha lililokatwa kwa msumeno. Yeye ndiye aliyetunza databesi ya chama: ng'ombe wa maboma mia sita na ushee, hereni zao za plastiki, chanjo zao, nani kakaguliwa lini. Mashine yenyewe ilikaa Kitengela, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo, na siku za ukaguzi Namalwa aliifikia kwa laptopu akiwa Kajiado. Alikuwa msichana hodari. Aliogopa kitu kimoja tu kazini, nacho ni ng'ombe. Akiwa kwenye karatasi hana neno. Akiwa na pembe, Namalwa hupita nyuma ya konteina.

Nolari aliingia bila kubisha.

"Supa, yeyo," Namalwa akainuka, akimwamkia mama kwa Kimaasai.

"Ipa." Mama hakuketi. "Mwanangu, hiyo jina ya mwenye boma. Kwetu mtu akilala, jina yake inalala na yeye. Isiitwe tena."

Namalwa alihisi masikio yakimwaka moto. Kwao Bungoma mambo ni kinyume kabisa. Babu yake alipokufa, mtoto wa kwanza kuzaliwa nyumbani alipewa jina lake, Makokha, na tangu siku hiyo babu anaitwa kula, anaitwa kuoga, na juzi alichapwa kofi kwa kumwaga maziwa. Kwa Namalwa, kulilaza jina ni kumfungia mtu nje kwenye baridi. Lakini miaka mitatu Kajiado ilikuwa imemfundisha kwamba ziko familia zilizoacha hiyo desturi na ziko zilizoishika kwa mikono miwili, na mgeni hachagui. Na mgeni akitaka kupendeza, unamjua: akiambiwa avue viatu, anavua na soksi.

"Nisamehe, yeyo. Nitaitoa. Nitaitoa kila mahali."

Nolari hakuwa amesema kila mahali. Alimtazama kidogo, akarudi kwa ng'ombe wake.

Na ng'ombe wake hawakuwa na siku ya kupoteza. Nyasi za bomani zilikwisha kabla mwenye boma hajaisha. Nolari alikuwa amepatana na wakulima wa kule Entarara waliokwisha vuna mahindi, wamemwachia mabua mashambani, na malori kumi yalikuwa yamejipanga nje ya zizi yakingoja. Lakini ng'ombe hapandi lori bila kibali. Kibali hutiwa sahihi na Daktari Wahu, na Daktari Wahu hutia sahihi kwa orodha inayotoka kwenye databesi, kabla ya saa kumi na moja jioni, basi. Asiyekuwa kwenye orodha hasafiri. Angoje ukaguzi mwingine baada ya wiki mbili. Zizini hapakuwa na jani hata la kuchokolea meno, na mbavu za ng'ombe wale ungezihesabu ukiwa umesimama barabarani.

Tangu saa moja asubuhi walikuwa wakipita mmojammoja kwenye kijia chembamba cha mbao, wakaguzi wakisoma hereni zao na kuingiza alama kwenye tableti. Walibaki wachache. Waliokwisha pita waliitwa na Kiilu makundi makundi, ishirini ishirini, waende upande wa malori. Na kila kundi lilikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilichapwa jina lile juu.

Namalwa alitoka mbio. "Kiilu! Kundi la pili usisome jina."

"Nisome nini, tangazo ya sabuni?"

"Sema tu kundi la pili."

"Dada Immaculate, sikiza. Mwaka jana niliruka jina moja, ng'ombe za mtu zikapanda lori ya mtu mwingine. Niliandikiwa barua. Hiyo barua nimeitia fremu, iko kwa ukuta, watoto wakiniuliza ni digrii nasema eeh. Mimi nasoma kitu imeandikwa. Badilisha karatasi, na mimi nitabadilisha mdomo."

"Niko na dakika ngapi?"

"Kumi na tano. Nikikunywa chai, ishirini. Lakini leo sina chai."

Namalwa akarudi konteinani, vidole vikimwasha.

Databesi ile ilijengwa na Githinji, kabla hajahamia kazi nyingine, ingawa ufunguo wa ofisi alibaki nao. Alikuwa amelitengea kila boma jedwali lake, ni kama kabati lenye droo mia sita, kila droo ya boma moja, na juu ya kila droo akaandika jina la mzee wa boma. Githinji alikuwa na haraka, na labda alidhani wazee wa Kajiado hawafi.

Namalwa alitoa amri ya halali, ile ya heshima: badilisha jina la jedwali hili. Mashine ikanyamaza. Haikukataa, ilikuwa inangoja. Tableti za wakaguzi zilikuwa zimeingiza mikono ndani ya droo ileile, na mashine yenye adabu haibadilishi kibandiko cha droo wakati watu wanachovya. Dawa ilikuwa rahisi: kuwaomba wakaguzi watoke kwa dakika tano. Lakini wakaguzi walikuwa mwisho wa zizi, katikati ya ng'ombe wote wale, na dirishani Kiilu alikuwa anajilamba midomo.

Akaikatiza ile amri. Akaingia mlango wa pili.

Sasa, databesi huwa na kitabu chake yenyewe. Mbali na droo za watu, ina majedwali yake ya ndani ambamo imejiandikia: nina droo hizi, hii inaitwa hivi, ina safu ngapi, imelala sehemu gani ya diski. Ni kama mama mwenye jiko. Yeye anajua kwamba kopo lililoandikwa majani ya chai lina chumvi, na mkebe wa biskuti una nyuzi na sindano. Hakuna aliyemwandikia, na hakuna haja ya kumsaidia. Sasa wewe ingia kichwani mwake akiwa anapika, umpangie upya makopo, halafu ukae ungoje chai.

Githinji alikuwa amemwambia siku ya kwanza kazini: humo ndani angalia ukitaka, lakini usiingie na kalamu. Amri ya heshima ndiyo inayojua kubadilisha kila mahali panapohusika, kwa mpangilio wake. Mkono wa mtu haujui.

Namalwa aliingia na kalamu.

Alilitafuta jina la marehemu, akalikuta limekaa kwenye mistari saba. Saba! Na yeye ameahidi kila mahali. Akaanza kubadilisha mmojammoja, akiweka namba ya boma badala ya jina. Wa kwanza ukakubali. Wa pili ukakubali. Mashine haikung'aka, haikuuliza una uhakika, wala haikupiga hata mluzi, na hapo ndipo angepaswa kuogopa. Mbwa asiyebweka ndiye huwa ameshakukaribia mguuni. Mstari wa saba ukagoma: jina hilo jipya limeshachukuliwa.

Akautazama. Ulifanana na mmoja aliokwisha badilisha, kama pacha. Moyoni akasema, huu ni mabaki, ni wa ziada. Nje Kiilu akakohoa kwenye kipaza sauti kujaribu kama kinafanya kazi.

Futa, Namalwa akaandika.

Mashine ikajibu kwa upole: umefutwa mstari mmoja.

Haukuwa wa ziada. Ule aliouona pacha ulikuwa mstari wa faharasa, yaani njia ya mkato ya kutafutia hereni ndani ya droo. Aliupa jina lililokusudiwa droo yenyewe. Na huu alioufuta ndio uliokuwa unaiambia mashine kwamba droo ipo.

Kundi la pili halikuitwa. Karatasi haikutoka. Kiilu alikuja akachungulia mlangoni, kipaza sauti kikining'inia kifuani kama mtoto.

"Dada, printa inasema haijui hao ng'ombe."

"Ngoja kidogo."

"Na wakaguzi wanauliza mbona tableti zao zinakataa. Wamepitisha tatu za mwisho, zimekataa zote. Inasema hakuna jedwali kama hiyo." Akageuka akatazama zizi, akamgeukia tena. "Kwa kompyuta ng'ombe zimeisha. Na hapa zimejaa, na moja imenikunyia kiatu."

Namalwa alitafuta droo. Hakuna. Akatafuta kwa jina jipya. Akaletewa faharasa isiyo na kitu cha kuonyesha, kama mlango uliosimama peke yake uwanjani. Ng'ombe mia mbili na kumi na wanne walikuwa wanalia nje kwa njaa, na kadiri mashine ilivyojua, hawakuwahi kuzaliwa.

Akampigia Githinji simu.

"Githinji, habari ya Kitengela, watoto hawaja—"

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu. Kuna jedwali moja tu imepotea."

"Namalwa. Jedwali haiendi choo. Haiwezi ikawa imetoka kidogo itarudi. Umegusa nini?"

Namalwa akaisukuma laptopu mbele. Ng'ombe mmoja akalia kwa muda mrefu.

"Niliingia kwa kitabu cha ndani."

"Na kalamu?"

"Na kalamu."

Githinji hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alivuta pumzi tu, ile ya fundi anayefungua boneti akakuta mtu ametangulia.

"Naukumbuka huo mstari karibu wote," Namalwa akasema haraka haraka. "Wacha niuandike tena nirudishe."

"Karibu! Toa mikono hapo. Huo mstari una namba zinazoshikana na mistari mingine, na hiyo mingine inashikana na mingine. Ukibahatisha namba moja, mashine itaiamini, kwa sababu hicho ndicho kitabu inaamini. Itakwenda kuandika ng'ombe za mtu juu ya za mwingine. Sasa hivi umeficha boma moja. Ukijaribu kuwa mwerevu mara ya pili utachanganya mia sita."

"Kwani zimepotea kabisa?"

"Ziko. Faili iko kwa diski imelala tu. Ni mashine haijui iko. Lakini ikiendelea kufanya kazi na hilo shimo, mimi siwezi kuapa. Na usidhani utanyamaza iishe. Nakala ya akiba ya leo usiku ingefika hapo ikwame, kesho pia, na hungejua mpaka siku utaihitaji."

"Na nakala ya jana usiku? Si turudishe hiyo?"

"Maboma ngapi zimekaguliwa leo?"

"Tisa, na masoko mengine."

"Ukirudisha ya jana, ukaguzi wa hao tisa wote umeenda na maji. Umeona? Nasimamisha mashine sasa. Niko nyumbani, nafika hapo ofisi kwa mguu. Nitakopi folda yote kama ilivyo, nizime, halafu nifanyie kazi kwa hiyo kopi, sio kwa yenyewe. Ambia watu mfumo umelala."

Kiilu alitangaza kwamba mfumo umelala. Zizi zima likamjibu, watu kwa ng'ombe. Jimale, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na madume thelathini kwenye foleni, akaja mpaka dirishani akaegemea.

"Dada, kama umelala si uamshwe? Sisi ngamia akilala tunampiga teke."

"Huu ukipigwa teke ndiyo hauamki, mzee."

"Nani aliulaza?"

Namalwa angeweza kusema mtandao. Mtandao Kenya hii umebebeshwa dhambi za watu wengi na haujawahi kujitetea. Neno lilimfika ulimini kabisa.

"Ni mimi," akasema.

Jimale akamtazama kama aliyeona kitu kipya sokoni, akaenda kukaa kivulini.

Saa sita, wakaguzi wakafunga vitu vyao wakaondoka. Walikuwa na soko lingine Kiserian saa nane, na mashine ikilala hakuna ukaguzi. Saa saba, simu ikalia.

"Kopi iko," Githinji akasema. "Sasa kwa nakala ya jana kile kitabu ni kizima. Nitatafuta droo yako humo, nione namba ya faili, halafu niifungue huku kwangu. Nipe jina."

Namalwa alifungua mdomo. Nolari alikuwa amekaa kwenye ngazi ya konteina, mgongo kwake, hatua mbili tu.

"Namba ya boma—"

"Namba umeiweka wewe leo. Jana haikuwa. Jana ilikuwa na jina. Jina!"

"Siwezi kuisema."

"Umeisahau?"

"Sijaisahau. Siwezi."

"Namalwa, mimi niko juu ya duka la dawa ya kupe, kuna joto, sijakula. Droo mia sita. Jina!"

Angeweza kwenda nyuma ya konteina akanong'ona. Angeweza kuliandika kwa ujumbe, kisiri, yakaisha. Lakini alikuwa ameahidi, na asubuhi ile nzima ilikuwa imeharibika kwa mambo yaliyofanywa kisiri. Akaiweka simu kifuani, akaenda akachuchumaa mbele ya mama.

"Yeyo. Nilikwambia nitatoa jina kila mahali. Katika kuitoa nimeficha ng'ombe wako wote, mashine haiwaoni. Huyo kwa simu anaweza kuwatoa, lakini lazima jina iandikwe tena. Bila hiyo hakuna orodha, na bila orodha hakuna Entarara."

Nolari alishusha shuka kutoka usoni. Alikuwa na macho madogo, makali.

"Nani alikwambia isiandikwe?"

"Wewe ulisema—"

"Nilisema isiitwe. Mimi sisomi, mwanangu. Andika kwa karatasi, kwa ukuta, kwa paji la uso lako. Kwa kitambulisho chake iko, nimeifungia ndani ya sanduku, na haijawahi kunipigia kelele." Akaelekeza fimbo langoni. "Ile inapiga kelele ni ile chombo ya huyo Mkamba."

"Alikataa kunyamaza, yeyo. Ana barua."

"Si ungetoa betri?"

Namalwa alikaa chini kabisa, pale pale kwenye vumbi, na sketi yake ya ofisi. Betri. Alikuwa ameingia kwenye ubongo wa mashine, akahamisha na kukata, na betri za kipaza sauti zilikuwa mbili, kubwa kama vidole gumba, za kutolewa na mtoto.

Akaliandika jina kwa ujumbe, bila sauti, akalituma Kitengela.

Kisha wakangoja. Jua lilihama kutoka birikani likaja juu ya konteina. Daktari Wahu, daktari wa mifugo, mwanamke mwembamba ambaye hajawahi kuchelewa wala kuwahi, alifika saa tisa, akaweka mhuri wake mezani akautazama kana kwamba ndio utakaozungumza. Namalwa hakuweza kukaa. Alitoka, akaingia, akahesabu malori, akayahesabu tena. Dereva mmoja alikuwa ameshawasha injini mara mbili, akiwatishia. Kila ng'ombe alipolia ilikuwa kama anamtaja.

Saa kumi na nusu orodha ikaja.

Printa ilitapika kurasa, Kiilu akizipokea. Juu, pa jina, palikuwa na namba tupu. Githinji alikuwa ameziweka hereni zote kwenye droo mpya, iliyotengenezwa kwa amri ya halali. Daktari Wahu akapitisha kalamu mstari kwa mstari.

"Mia mbili na kumi na mmoja," akasema.

"Ni mia mbili na kumi na wanne, daktari," Namalwa akasema.

"Hapa naona mia mbili na kumi na mmoja."

Wale watatu wa mwisho. Walipita kwenye kijia baada ya ule mstari kufutwa. Tableti zilipeleka alama zao kwenye droo isiyokuwepo, zikakataliwa, na alama hazikuandikwa popote. Hao hata Githinji hakuwa na faili ya kuwatoa.

"Lakini walikaguliwa! Kiilu aliona. Wote tuliona."

"Mimi sitii sahihi macho ya Kiilu," Daktari Wahu akasema, bila ubaya. "Ukaguzi mwingine ni Jumatano ya pili kutoka leo. Hao mia mbili na kumi na mmoja waende."

Mhuri ukagonga. Malori yakaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye jukwaa la kupakia.

Watatu waliobaki walikuwa ng'ombe jike mzee, mtamba wa madoadoa, na yule maksai mwekundu wa kengele, ambaye hupita wa mwisho siku zote kama mwenye nyumba anayefunga mlango. Nolari aliwatazama, akamtazama Namalwa. Alikuwa na wachungaji wanne kwa mia mbili na kumi na mmoja, na safari ndefu.

"Wewe ndiye umewaficha," akasema. "Wewe utawalisha."

"Mimi? Yeyo, mimi naogopa ng'ombe."

"Na wao wanakuogopa. Mmelingana." Akapanda mbele kwenye lori la kwanza, akateremsha kioo. "Jike na mtamba watakula chochote. Huyo mwekundu ni wa mwenye boma. Wageni walipokuwa wanamwita mzee langoni, alikuwa anatoka na magadi mkononi, na huyu alikuwa anakuja mbele. Tangu mzee alale, anakula akipenda. Asinifie."

Barua ya kukiri Namalwa aliiandika mwenyewe, ukurasa mmoja, hakutaja mtandao. Ufunguo wa kuandika kwenye kitabu cha ndani Githinji aliuondoa kwake, na kwake mwenyewe pia, akaufungia mahali ambapo ungehitaji watu wawili na sababu. Hayo ya ofisini yaliisha kwa siku mbili. Ya ng'ombe yalichukua kumi na nne.

Kila alfajiri Kitengela walimwona na viatu vyake vya ofisi na robota la nyasi kavu kichwani, akienda kungoja gari la chama. Jirani yake Cindy akasimama mlangoni na mswaki mdomoni. "Namalwa, si ungetwambia umeolewa Umasaini? Tungekuja kula."

"Njoo, tule hii," akasema, akimwonyesha robota.

Jike akala. Mtamba akala, akala na kamba ya robota. Mwekundu alinusa tu, akageuza shingo. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu Namalwa alimletea magadi, akayaweka kwenye sinia, akarudi nyuma hatua kumi, baadaye tano. Akamwimbia wimbo wa kubembelezea watoto wa kwao. Kiilu akapendekeza kipaza sauti, akatazamwa, akaenda zake. Siku ya nne yule maksai alilala chini wakati wenzake wamesimama, na pua yake ilikuwa kavu.

Ilikuwa mchana, upepo wa Kajiado unapepeta vumbi na kugongagonga mabati. Zizini hapakuwa na mtu. Namalwa alichukua magadi kiganjani, sio kwenye sinia. Akatembea mpaka kwenye pembe zile, akapiga magoti kwenye kinyesi. Akatazama nyuma. Akaliinamia lile sikio lenye hereni ya plastiki, na akalisemea neno moja, polepole sana, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake.

Kengele ikalia.

Nolari alirudi Jumatano ya ukaguzi na lori dogo. Watatu walipita kijiani, tableti zikawakubali, Daktari Wahu akagonga mhuri. Kiilu akaitazama karatasi, akamtazama mjane, akakivua kipaza sauti shingoni. Akatembea zizi lote mpaka alipo mama, akamwinamia akamwambia sikioni, kwa sauti ya kanisani, kwamba ng'ombe zake ziko tayari.

Mama alimpapasa mwekundu mbavuni. Maksai alikuwa amenenepa kidogo.

"Alikula?"

"Alikula, yeyo."

"Alikataa kwanza?"

"Siku tatu."

"Halafu?"

Namalwa akaangalia viatu vyake. Maksai alikuwa amemsogelea kwa nyuma, akampitishia pua kiganjani, akitafuta. Nolari aliiona ile pua, akakiona kile kiganja, akamtazama msichana kwa muda mrefu na macho yake madogo.

"Usiniambie," akasema. "Lete kamba."